Kondoo wa Sunneva

Huku kwetu mtoto wa mfugaji akishaweza kubeba ndoo ya maji bila kujimwagia yote, hupewa kondoo wake. Si wa kuchezea. Ni wake, na kizazi chake chote ni chake, na vuli ikifika, kondoo wakiteremshwa kutoka milimani, mtoto anasimama zizini pamoja na wakubwa akidai mali yake kwa sauti. Ketill wa shamba la Hvammur alipewa wake, akamuuza mapema akanunua baiskeli, na mtu mwenye akili angejua hapo hapo kwamba huyo hatakuwa mfugaji. Dada yake Sunneva alipewa kondoo jike mweupe, akamwita Mjöll, yaani theluji laini iliyoanguka sasa hivi. Mwaka uliofuata Mjöll akazaa jike, Sunneva akamwita Fönn, nayo ni theluji, ile inayorundikana. Alikuwa amepania kuyamaliza majina yote ya theluji tuliyo nayo, na tunayo mengi kuliko tunavyoyahitaji.

Sunneva alikufa akiwa na miaka tisa. Homa ilimpanda Alhamisi, Jumamosi hayupo. Mimi jirani ndiye niliyemvisha, kwa sababu mama yake Hallbera hakuweza, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Baba yake ni Bergur. Hakuwauza kondoo wa mtoto. Mjöll alipozeeka alibaki Fönn, Fönn alipozeeka akabaki binti yake, na Bergur akaendelea kuwapa majina ya theluji kama mwenyewe angefanya. Miaka hiyo ndipo kompyuta za mezani zilipoingia bondeni, na kukawa na mafunzo ya jioni katika ukumbi wa shule. Wanaume wote walikwenda kwa ajili ya kahawa wakasinzia. Bergur peke yake alikaa mbele. Akarudi nyumbani akajitengenezea hifadhidata ya kondoo wake, na akawa anaipamba kila msimu wa baridi kama wengine wanavyofuma masweta. Kila kondoo alikuwa na ukurasa wake: jina, namba ya hereni ya sikioni, mama, baba, picha, neno moja mawili kuhusu tabia, na mwenyewe ni nani. Chini kabisa kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, faili linahesabu kondoo kwa mwenyewe. Bergur kadhaa, Hallbera kadhaa, Sunneva mmoja au wawili.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiandike tu kwamba wote ni wake, mtoto ameshaondoka.

“Ragna,” aliniambia, “mimi si mwizi.”

Basi ndivyo Sunneva alivyoendelea kuwa mfugaji wa Hvammur. Hallbera alijua. Lakini tangu mazishi hakutia mguu bandani. Alikwenda kufanya kazi jikoni shuleni, na kondoo kwake wakawa majina ya mezani tu. Bergur alikuwa akiingia majira ya kuzaa, mikono ikinuka, na kusema, “Drífa wa Sunneva kazaa dume.” Hallbera alisema, “Haya,” akammiminia kahawa. Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyokuwa nayo juu ya mtoto wao kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtu asije kuniambia kwamba hayakuwa mazungumzo.

Juni iliyopita Bergur alipata kiharusi akiwa anatengeneza uzio. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao. Macho yalibaki yake. Walimweka katika nyumba ya wazee mjini, na kila Jumapili nilimpeleka Hallbera kwa gari langu, kwa kuwa yeye barabara ile anaiogopa hata kukiwa kukavu.

Kufika vuli ilibidi iamuliwe. Hallbera hakuweza kulisha kundi zima peke yake, Ketill alikuwa na kazi na watoto mji mkuu, Reykjavík, na mume wangu ana magoti mabovu na kondoo wetu wanamtosha. Kundi la Hvammur lingekwenda machinjioni. Hallbera alilikubali hilo bila chozi. Aliomba kitu kimoja tu.

“Drífa abaki,” alimwambia Ketill kwenye simu, mimi nikiwa nimekaa hapo. “Wengine wote sawa. Drífa wa dada yako abaki, na wawili wa kumliwaza, wowote. Huyo ndiye wa mwisho, Ketill. Hana jike mwingine nyuma yake.”

Shida ikawa moja. Nani anamjua Drífa? Mweupe, hana pembe, kati ya kundi zima la weupe wasio na pembe. Mimi nawajua wa kwangu. Bergur aliwajua wote kwa mwendo, lakini Bergur hasemi. Ilibaki namba ya hereni, na namba ilikuwa ndani ya kompyuta ya ghorofani, mashine nzito kama jiko, iliyokaa mahali pamoja tangu ilipopandishwa ngazi.

Ketill alikuja Jumamosi na kishikwambi chembamba kama ubao wa kukatia mkate. Yeye anafanya kazi na mitambo hiyo, na alikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata la kufanya nyumbani kwao. Alichukua nakala ya faili la baba yake akaiingiza mle. Kishikwambi kikakataa. Kikasema faili la namna hiyo hakilitambui.

“Kimemwona Bergur mshamba,” nikasema nikigeuza chapati za maziwa kwenye kikaango.

“Subiri, Ragna. Hili faili ni la zamani, linataka programu yake ya mezani. Nitalitoa lote niliweke kama jedwali la kawaida, kitalisoma tu.”

Akakaa pale mezani akagusagusa. Baada ya muda akamwonyesha mama yake. Hallbera alivaa miwani, akatazama, akakunja uso.

“Picha ziko wapi?”

“Picha hazipandi huku, mama.”

“Na ule ukurasa wa kila mmoja? Baba yako alikuwa na ukurasa wa kila mmoja.”

“Hiyo ilikuwa sura tu. Sura inabaki kule juu, data ndiyo imekuja. Ona, nimeacha jina na namba peke yake, kioo kisijae. Zizini tunataka nini zaidi? Na nimeyapanga majina kwa alfabeti, ukitaka Drífa unashuka kwenye D, unamkuta.”

“Lakini ni lilelile?”

“Ni faili lilelile, mama.”

“Kwa hiyo Drífa ni huyu hapa.”

“Ni huyo hapo. Mia mbili kumi na nne.”

Hallbera akaigusa namba kwenye kioo, jedwali likaruka hadi mwisho, akaondoa kidole kama aliyeungua. Tulicheka, wote watatu. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka.

Jumatatu asubuhi lori likaja. Ketill alisimama kwenye tope na kishikwambi ndani ya mfuko wa plastiki, akisoma masikio, nami na mume wangu tukisukuma. Alipoipata hereni ya mia mbili kumi na nne alipiga kelele, na Hallbera, ambaye alikuwa amesimama nje ya uzio muda wote mikono ikiwa imefichwa ndani ya sweta, aliingia zizini. Alimshika yule kondoo shingoni kwa mikono miwili. Akamwongoza mwenyewe hadi bandani, mlango ule ambao hakuupita tangu mtoto afe. Ketill akapiga picha nyingi, za mama yake, za lori, za ubao wa kupandia, za kundi likipanda. “Za kumwonyesha baba,” akasema. Lori likaondoka.

Zilifuata wiki ambazo sikuwahi kumwona Hallbera namna ile. Alikwenda bandani asubuhi na jioni. Alimpelekea Drífa maganda ya mkate mweusi, akamchana manyoya kwa brashi ya nywele zake mwenyewe, na siku moja nilipokwenda kuazima ndoo nilimsikia anamsimulia. Anamwambia jinsi Sunneva alivyomvisha Mjöll kofia ya kanisani. Jinsi alivyolala naye kwenye nyasi kavu wakamtafuta bonde zima. Mambo ambayo mimi rafiki yake wa siku zote sikuwahi kuyasikia, kwa sababu sikuthubutu kuuliza. Nilirudi bila ndoo.

Jumapili moja katikati ya Oktoba Ketill aliweza kuja, tukaenda mjini watatu. Hallbera alibeba maandazi yetu ya kusokotwa kwenye kopo. Bergur alikuwa kwenye kiti chake dirishani, amenyolewa, amechanwa nywele kuelekea upande usio wake. Hallbera kabla ya yote akamrudishia nywele upande wake.

“Tumekuletea mtu,” akamwambia. Alikuwa na aibu kidogo, kama msichana. “Tumemweka, Bergur. Drífa tumemweka. Namlisha mimi mwenyewe. Naam, mimi, usinitazame hivyo.”

Ketill akaweka kishikwambi mapajani mwa baba yake na kufungua picha ya kwanza. Mama yake bandani, amemkumbatia kondoo mweupe.

Bergur aliitazama. Aliitazama muda mrefu, kisha akamtazama Hallbera, na upande mzima wa uso wake ukawa na upole ambao wakati ule sikuuelewa. Akainua mkono wa kushoto. Ketill alikuwa amemwonyesha mara moja tu jinsi ya kusukuma picha kwa kidole, naye akaisukuma. Ikaja nyingine, kondoo yuleyule. Akasukuma. Akasukuma tena, haraka zaidi.

“Baba kishakipenda,” Ketill akasema. “Mzee wa hifadhidata huyo. Tutamnunulia chake.”

Lakini Bergur hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta. Picha zilipita, za zizi, za mume wangu na magoti yake, za lori, naye akizisogeza, uso karibu na kioo, pumzi yake ikikitia ukungu. Kisha akafika kwenye ile ya ubao wa kupandia. Weupe wamebanana, migongo tu, na mmoja amegeuza kichwa nyuma kuelekea aliyekuwa anapiga picha.

Bergur akaweka kidole juu ya huyo. Akakiacha hapo. Kioo kikawa kinarukaruka chini ya kidole chake, picha ikijikuza, naye hakukitoa.

“Huyo siye, baba,” Ketill akasema. “Drífa ni yule wa mwanzo. Ngoja nikurudishe.”

“Mwache,” Hallbera akasema.

“Mama, amechanganya tu.”

“Baba yako hajawahi kuchanganya kondoo.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. “Nipeleke nyumbani, Ragna.”

Tuliondoka hapohapo. Kopo la maandazi lilirudi limejaa, mapajani mwa Hallbera. Alipanda ngazi na koti lake, akawasha ile mashine nzito, nayo ilichukua muda wake kuamka kama ilivyozoea. Ketill alisimama mlangoni. Hallbera aliandika jina kwa vidole viwili. Ukurasa ukafunguka na picha yake pembeni: kondoo mweupe, kichwa kimegeuzwa nyuma kidogo, kama anayesikia anaitwa. Drífa. Mama yake Hríð. Mwenyewe Sunneva. Namba ilikuwa mia moja themanini na saba.

Kisha akaandika mia mbili kumi na nne. Akaja kondoo mwingine, ambaye hata mimi sasa niliona hafanani. Kolla. Mwenyewe Bergur. Kwenye neno la tabia Bergur alikuwa ameandika: mpole, mlafi.

Ketill alikaa kitandani na kishikwambi chake. Hakuhitaji muda mrefu. Alipoyapanga majina kwa alfabeti, kama tunavyopanga watu wote nchini humu kwa jina la kwanza, aliyagusa majina peke yake. Majina yakapanda na kushuka yakajipanga vizuri, na namba zikabaki palepale zilipokuwa. Kila kondoo wa Hvammur alikuwa amepewa namba ya mwenzake. Katika mashine ile, ndani ya programu ya baba yake, kosa hilo halifanyiki, jina na namba vimefungwa pamoja huwezi kuvitenganisha hata ukitaka. Ndiyo ile sura aliyosema inabaki.

“Mama, ni mimi,” akasema.

“Najua ni wewe.”

“Nilikwambia ni lilelile.”

“Ulisema.”

Alilia yule mtu mzima, mwenye ndevu na watoto, na Hallbera alimwekea mkono kichwani lakini macho yake hayakutoka kwenye ile picha. Nami nasema wazi, siku ile nilimchukia Ketill, yeye na ubao wake wa mkate, ingawa nilimpenda tangu alipokuwa anaharisha kwenye nepi. Dada yake alikuwa amebakiwa na kitu kimoja duniani kinachopumua, na yeye akakipandisha lori huku anapiga picha.

Hallbera hakwenda tena bandani. Mume wangu ndiye aliyewalisha wale watatu, jioni na asubuhi, akiyalaani magoti yake. Na kulikuwa na friza. Tulikuwa tumerudishiwa nyama ya kondoo wakubwa kutoka machinjioni, kama kila mwaka, imekatwa na kufungwa, hakuna jina juu yake. Hallbera aliiwekea zulia juu ya mfuniko na vyungu vya maua juu ya zulia, na hakuifungua. Msimu mzima alikula samaki.

Jumapili iliyofuata nilidhani hataki kwenda mjini, lakini alikuwa amesimama barabarani ananisubiri. Ketill naye alikuja, safari yote kutoka Reykjavík, macho mekundu. Alikuwa ametengeneza nakala upya, safari hii kila kitu mahali pake, hata mwenyewe ni nani. Sijui alidhani itasaidia nini.

Hallbera aliketi mbele ya Bergur magoti yakigusana.

“Drífa ameondoka,” akamwambia. “Ulikuwa sahihi. Tulimweka Kolla kwa makosa, na Drífa akaenda na lori. Sunneva hana kitu tena, Bergur. Hana hata mmoja.”

Bergur alifumba macho. Alipoyafumbua akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea Ketill, akafungua na kufumba vidole, kama mtoto anayedai. Ketill alichelewa kuelewa, kisha akampa kishikwambi.

Alichukua muda mrefu sana. Nje mvua iligeuka kuwa theluji na mhudumu akaja akaondoa vikombe. Kidole cha Bergur kiligusa pasipofaa, kikafungua vitu visivyotakiwa, naye akavifunga, akaanza upya, wala hakumruhusu yeyote kumsaidia. Alimtafuta Kolla. Akaenda mpaka palipoandikwa mwenyewe ni nani. Akalifuta jina lake mwenyewe, herufi baada ya herufi, na mahali pake akaandika la binti yake. Alilikosea mara mbili, akalirekebisha. Alikuwa anampa mtoto kondoo wake, kama alivyompa yule wa kwanza.

Ketill alifuta pua kwa mkono wa sweta. “Baba,” akasema taratibu, “hii ni nakala. Ukibadilisha hapa, kule nyumbani haibadiliki.”

Bergur alimtazama. Kisha akakisukuma kishikwambi juu ya magoti yake mpaka kikafika mikononi mwa Hallbera, na akamtazama yeye.

“Nimesikia,” Hallbera akasema.

Tuliporudi nilipanda naye ghorofani, kwa sababu sikutaka apande peke yake. Aliwasha mashine, akakaa na koti lake akisubiri. Akamfungua Kolla. Akafuta, akaandika, vidole viwili. Kisha akabonyeza kile kitufe cha chini ambacho Bergur alikibonyeza kila vuli, na faili, ambamo Ketill alikuwa ameshawafuta waliokwenda na lori, likahesabu. Bergur mmoja. Hallbera mmoja. Sunneva mmoja.

“Lakini siye, Ragna,” akasema.

“Najua.”

“Nilimsimulia yote. Na siye.”

Alizima mashine, akashuka, akavaa mabuti ya Bergur yaliyokuwa mlangoni, makubwa mno kwake, akachukua ganda la mkate kwenye sahani. Nilimfuata mpaka uani nikasimama kwenye theluji. Mlango wa banda aliuacha wazi. Nilimsikia akiita, kwa sauti ileile ya wiki zile, “Drífa.” Kisha akaita tena, polepole.

“Kolla.”